ANAYETETEMEKA AKIANGUKA, TUCHUNGE KICHWA CHAKE

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya wazee wanaotetemeka. Karibu kila mmoja wetu amewahi kumwona mzee wa namna hiyo. Mkono unatetemeka hata akiwa ameketi. Anatembea kwa hatua fupi, ameinama mbele. Uso wake hauchangamki kama zamani, hata kama moyoni ana furaha.

Watu wengi hutazama mkono tu. Mimi nataka leo tutazame kichwa. Mzee huyu anaweza kuishi miaka mingi na kutetemeka kwake. Lakini akianguka na kugonga kichwa, anaweza kufa katika wiki chache, na sisi tukadhani ni uzee.

Nitaanza na kisa kilichonifundisha.

KISA CHA MZEE WA VILIMANI

Katika zahanati moja ya vilima vya Muleba, asubuhi moja aliletwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Alikuwa ametetemeka mkono wa kulia kwa miaka minne. Wanawe walisema, "Daktari, ugonjwa wa baba umekua. Sasa analala mchana kutwa. Anaburuza mguu. Anachanganya majina yetu."

Nilimpima malaria, haikuonekana. Nilipima presha, ilikuwa nzuri. Nikasema ni uzee na ule ugonjwa wake. Nikampa dawa ya kutuliza maumivu ya kichwa, akarudi nyumbani.

Siku mbili baadaye walimrudisha. Sasa mkono na mguu wa kushoto havikuwa na nguvu. Mkwe wake, mama anayempikia kila siku, ndiye aliyesema neno la maana: "Daktari, baba alianguka mlangoni pa jiko siku ile ya mvua kubwa. Alipata nundu kidogo. Alicheka, akala, tukasahau." Tulihesabu siku. Zilikuwa zimepita wiki tatu.

Mzee alipelekwa hospitali, na kutoka hapo akapelekwa Mwanza. Picha ya kichwa ilionyesha damu imejikusanya kati ya fuvu na ubongo. Madaktari walitoboa tundu dogo kwenye fuvu, damu ikatoka. Alirudi kijijini akitembea kwa fimbo na kuwaita wajukuu wake kwa majina yao. Bado anatetemeka. Lakini yuko hai.

Kosa langu lilikuwa moja. Sikuuliza: "Je, ameanguka?" Ndiyo maana ninaandika, ili nyumbani kwako swali hilo lisisahauliwe.

UGONJWA HUU NI NINI?

Wataalamu wanauita ugonjwa wa Parkinson. Jina hilo ni la daktari James Parkinson wa London, Uingereza. Mwaka 1817 aliandika kitabu kidogo juu ya watu sita waliokuwa wakitetemeka. Baadhi yao aliwaona njiani tu. Aliona pia kwamba mgonjwa huinama mbele, na mwendo wake hugeuka kuwa kama mbio asizozitaka. Yaani tangu mwanzo daktari huyo aliona kwamba ugonjwa huu haumo mikononi tu. Umo pia katika mwendo.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Dopamini husaidia ubongo kuuongoza mwili utembee kwa wepesi. Katika ugonjwa huu sehemu hiyo hufa polepole. Mwili unakuwa mzito, misuli inakaza, na mkono unatetemeka ukiwa umepumzika.

Ugonjwa huu hauambukizwi. Si uchawi, wala si laana ya ukoo. Kula naye na kumshika mkono hakuna hatari yoyote. Lakini tukumbuke pia kwamba si kila anayetetemeka ana ugonjwa huu. Pombe, ugonjwa wa tezi ya shingo, na baadhi ya dawa huweza kumtetemesha mtu. Mwenye kujua ni mganga baada ya kumpima.

WAGONJWA WAPO KWETU

Wengine husema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wataalamu waliwatafuta wagonjwa hawa vijijini. Matokeo yaliandikwa mwaka 2008. Katika watu zaidi ya 161,000 walipata wagonjwa 33. Hiyo ni kama mtu mmoja katika kila watu 5,000, na wengi wao walikuwa wazee. Jambo la kusikitisha ni hili: wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Walikaa nyumbani tu, wakiitwa wazee.

Watu wa Hai wanaishi mlimani, kwenye migomba na kahawa, kama sisi wa Bukoba na Muleba. Yaliyoonekana kwao yanaweza kuwa yamejificha katika vibanja vyetu.

KWA NINI WANAANGUKA SANA?

Katika nchi ambako wagonjwa hawa wamefuatiliwa, kati ya kila wagonjwa 10, kama 6 huanguka katika mwaka mmoja. Na kama 4 huanguka tena na tena. Sababu ni hizi:

1. Miguu hugoma. Anapofika mlangoni au anapogeuka, miguu inaganda chini kama imepigwa misumari. Kiwiliwili kinaendelea mbele, miguu inabaki. Anaanguka.

2. Amesimama kwa kuinama. Uzito wa mwili wake uko mbele. Akijikwaa kidogo tu, hawezi kujirudisha.

3. Mikono haimkingi. Wewe ukianguka, mikono yako inatangulia kabla hujafikiri. Mikono ya mgonjwa huyu imechelewa. Kwa hiyo uso na kichwa ndivyo vinavyofika chini kwanza.

4. Presha hushuka anapoinuka. Akitoka kitandani upesi, kichwa kinakuwa chepesi na macho yanaingia giza.

5. Anafanya mambo mawili pamoja. Kutembea kwake sasa kunahitaji akili yote. Akitembea huku amebeba ndoo, au huku anajibu salamu, miguu inasahau kazi.

Ongeza na mazingira yetu. Mvua zetu ni nyingi, na udongo wa vilima huteleza. Chemchemi nyingi ziko bondeni. Kibanja kina visiki na miti ya kuegemeza migomba. Nyumba za msonge zina mlango wa chini, na nyasi za kutandika sakafuni huteleza zikikauka. Choo kiko nje, na usiku ni giza.

HATA MTU MKUBWA ALIANGUKA

Wengi wa Kagera wanamkumbuka Papa Yohane Paulo wa Pili. Alifika Tanzania Septemba 1990, na alipita hata Mwanza. Baadaye alipata ugonjwa huu wa kutetemeka. Novemba 1993 alianguka akaumia bega. Aprili 1994 alianguka bafuni akavunjika mfupa wa paja. Juni 1999, akiwa Poland, alianguka tena na kuchanika kichwani, kando ya jicho. Alishonwa, akaendelea na safari yake. Aliishi hadi mwaka 2005.

Mtu huyo alikuwa na madaktari na walinzi saa zote. Hata hivyo alianguka. Basi mzee wako akianguka, si uzembe wake, wala si aibu ya nyumba. Papa huyo hakujificha. Watu walimwona akitetemeka, na baadaye walimwona akisukumwa kwenye kiti. Nasi tusiwafungie wazee wetu ndani.

NINI HUTOKEA NDANI YA KICHWA?

Fuvu ni gumu kama kibuyu. Ubongo uliomo ni laini kama parachichi lililoiva. Mtu akizeeka, ubongo hunywea kidogo. Chukua tunda la kahawa lililokauka, ulitikise karibu na sikio. Utasikia punje zinacheza ndani ya ganda. Ubongo wa mzee nao una nafasi ndogo ya kucheza ndani ya fuvu.

Kati ya ubongo na utando wa fuvu ipo mishipa midogo ya damu. Ubongo ukinywea, mishipa hiyo hunyooshwa. Kichwa kikigongwa, hata kwa nguvu ndogo, mshipa unaweza kuchanika. Mara nyingine damu hutoka kwa wingi, na hatari huonekana saa hiyo hiyo. Lakini mara nyingi kwa wazee damu hudondoka polepole, tone kwa tone. Leo mzee yuko sawa. Wiki ijayo yuko sawa. Wiki ya tatu damu imekuwa nyingi, inaukandamiza ubongo.

Hapa ndipo mtego ulipo. Dalili za damu hiyo zinafanana na ugonjwa wake na uzee wake: kuburuza mguu, usingizi mwingi, kusahau, kuanguka tena. Familia inasema, "Ugonjwa umekua." Mganga naye anaweza kukosea, kama nilivyokosea mimi.

Utatofautishaje? Shika neno hili: UGONJWA WA KUTETEMEKA HUENDA MWENDO WA KINYONGA. Hubadilika kwa miezi na miaka. Ukiona mzee amebadilika kwa siku chache au wiki chache, jua kuna kitu kingine. Uliza: "Je, ameanguka?" Kisha mpeleke akapimwe.

AKIANGUKA, FANYA HIVI

1. Usimvute kwa mikono ili asimame haraka. Mwache kidogo, ongea naye. Uliza anaumwa wapi. Kama shingo inauma au hasikii miguu, asiinuliwe kiholela. Watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja, kichwa kikiwa kimenyooka na mwili, wamlaze juu ya ubao au machela.

2. Kama kidonda kinatoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi. Kama mfupa umebonyea, usikandamize hapo. Funika tu.

3. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Usimpe maji, chakula wala pombe.

4. Usimpe aspirini wala dawa kali za maumivu ya viungo, kwa sababu zinaweza kuongeza kutoka damu.

5. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, hata kama anasema amepona. Kama anatumia dawa ya kuyeyusha damu, sema mapema, maana hatari yake ni kubwa zaidi.

6. Mtu aliyezimia au anayesinzia asipakiwe katikati ya watu wawili kwenye bodaboda. Tumia gari, au machela kama walivyofanya wazee wetu.

Mpeleke HOSPITALI BILA KUCHELEWA ukiona mojawapo ya haya:

- Alizimia, hata kwa dakika moja.
- Anatapika mara kwa mara.
- Ana degedege.
- Damu au majimaji yanatoka puani au masikioni.
- Mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine.
- Upande mmoja wa mwili umelegea.
- Maneno hayaeleweki.
- Kichwa kinauma na kinazidi kuuma.
- Anasinzia na ni vigumu kumwamsha.

Muleba tunazo hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo. Bukoba ipo hospitali ya rufaa ya mkoa. Wanaohitaji wataalamu zaidi hupelekwa Bugando, Mwanza. Usikate tamaa kwa sababu mgonjwa ni mzee. Damu ya namna hii inaweza kutolewa, na wengi hupata nafuu kubwa wakiwahi.

DAFTARI LA MZEE

Ndugu msomaji, hapa ndipo kujua kusoma na kuandika kunapookoa maisha. Tenga daftari moja la mzee. Kila akianguka, andika:

Tarehe. Mahali. Alikuwa anafanya nini. Kichwa kiligonga wapi.

Usiku wa kwanza mtu alale karibu naye, amwamshe mara chache na kumwuliza jina lake na mahali alipo. Baada ya hapo, kila Jumapili kwa wiki 12, jiulize maswali manne na uandike majibu: Kichwa kinauma? Analala kuliko kawaida? Anachanganyikiwa? Mguu au mkono mmoja umelegea? Jibu likiwa "ndiyo" kwa swali moja tu, chukua daftari, mpeleke mzee. Mwonyeshe mganga ile tarehe. Tarehe hiyo itamfumbua macho.

KUZUIA KUANGUKA

Kinga ni bora kuliko tiba. Kazi nyingi za kinga hazihitaji fedha, ila mikono yetu.

Nyumbani. Ondoa nyasi na mikeka inayoteleza mahali anapopita. Ng'oa kizingiti cha mlango, au ukipake chokaa kionekane. Kama mlango ni wa chini, funga nguo nene juu yake. Chora mistari ya chokaa sakafuni mahali miguu inapogoma, kila mstari hatua moja. Mwambie aruke mstari kwa mguu. Mara nyingi miguu iliyoganda huachia. Wengine husaidiwa kwa kuhesabu "moja, mbili, moja, mbili", au kuimba. Usimsukume wala usimvute.

Usiku. Mwekee chombo cha kukojolea karibu na kitanda, na tochi mkononi. Kabla ya kusimama aketi ukingoni mwa kitanda, ahesabu mpaka 60, achezeshe miguu, ndipo ainuke. Mchana anywe maji ya kutosha, isipokuwa mganga amemkataza.

Njia ya choo. Funga mti mrefu wa kushikilia kutoka mlangoni mpaka chooni. Wakati wa mvua mwaga changarawe. Ndani ya choo mtengenezee kiti chenye tundu, asichuchumae.

Viatu na fimbo. Kandambili hukokoteka na kumwangusha. Apate viatu vinavyoshika kisigino. Fimbo iwe imara na urefu wake uwe wa kumfaa.

Kibanjani. Ng'oa visiki kwenye njia yake. Asipande mti wala ngazi. Asibebe ndoo bondeni. Lakini asikatazwe kila kazi. Kutembea kila siku na kazi nyepesi huimarisha miguu. Akae achambue maharage au kahawa. Akigeuka, azunguke kwa hatua kadhaa, asigeuke kwa ghafla. Ukitaka kumsalimu, msubiri asimame kwanza.

Rubisi. Pombe humwongezea kuyumba. Afadhali aiache.

Dawa. Ipo dawa inayoitwa levodopa. Haiponyi, lakini huwawezesha wengi kutembea vizuri zaidi. Si kila zahanati inayo, kwa hiyo uliza hospitali. Imezwe kwa saa zile zile kila siku. Vyakula vya kujenga mwili, kama maharage, samaki na nyama, huweza kupunguza nguvu yake. Basi ameze nusu saa kabla ya kula ndizi na maharage, au saa moja baada ya kula. Asiache dawa ghafla. Tena, akienda kutibiwa kwa kutapika, mwambie mganga ana ugonjwa wa kutetemeka. Dawa moja ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, huzidisha ugonjwa huu.

MWISHO

Ndugu msomaji, mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wengi walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakusoma ili wajue tu. Walisoma ili watende. Nasi tufanye hivyo. Wiki hii, kama nyumbani au kwa jirani yuko mzee anayetetemeka, tembea njia yake kutoka kitandani mpaka chooni. Hesabu vitu vinavyoweza kumwangusha. Ondoa kimoja leo na kingine kesho.

Na akianguka, usitazame nundu tu. Andika tarehe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kichwa cha mgonjwa wa kutetemeka hufika chini kabla ya mikono?

2. Mzee aliyeanguka mwezi uliopita ameanza kusinzia na kuburuza mguu. Familia inasema ugonjwa umekua. Wewe utawaambia nini?

3. Taja dalili tano za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kuchelewa.

4. Taja mambo matatu katika nyumba yako yanayoweza kumwangusha mzee. Utayaondoa lini?

5. Kijijini kwetu tuna machela au gari la kumbeba mgonjwa? Kama hatuna, tufanye nini?